Friji Likifa Alhamisi

Chupa ya maziwa ilikuwa inaning'inia nje ya dirisha la jikoni, ghorofa ya pili, imefungwa shingoni kwa kipande cha kitenge. Ncha nyingine ya kitenge ilifungwa kwenye bomba la kupashia nyumba joto, ambalo nalo lilikuwa baridi. Nje nyuzi tatu. Mwenyeji wangu aliniona nimekodoa macho, akacheka.

"Friji imekufa, yaya. Jana Alhamisi. Iliguna kidogo, kisha kimya. Sasa Mungu ndiye friji."

Huu ni mji mmoja nje ya Glasgow, Novemba 2025. Mama huyu ni wa Kivu. Wakongo wa kwanza waliletwa Motherwell, jirani na hapa, mwaka 2007 kwa mpango wa kuhamisha wakimbizi, na wengine wakafuata na kusambaa. Ana watoto watatu, mgongo mbovu uliomtoa kazini, na anaishi kwa posho ya serikali, au benefiti kama wanavyoiita huku hata wazungumzaji wa Kiswahili. Nilikuja kwa harusi ya binti wa ndugu, nikapanga kupitia kwa jamaa na marafiki wa nchi nyingine kabla ya kurudi Tanga. Daftari nililibeba kwa mazoea tu. Friji ndilo lililonipa cha kuandika.

Kwetu swali la friji lina majibu mengi. Unakwenda kikoba. Unampigia kaka. Fundi analigonga, analijaza gesi, unamlipa nusu. Mangi wa dukani anakuwekea nyama yako kwenye friji lake pamoja na soda. Lakini mama huyu kaka zake wako Bukavu na wao ndio wanaomngoja yeye atume. Posho ikiingia, kila pauni imeshapangiwa kazi: chakula, umeme, basi, vocha ya simu. Friji jipya, hata lile dogo kabisa, ni pauni mia na ushei. Sasa mtu kama huyo, friji likimfia Alhamisi, nani analipa?

Niliuliza swali hilo hilo kila nilikofika. Kila nchi ina jibu, na kila jibu lina tabia yake. Yanayokaribiana ni yale ya msaada wa hiari, na hiari hapo si ya mwombaji, ni ya afisa. Posho ya kawaida ni haki: ukitimiza masharti unalipwa. Huu mwingine unaombwa, na aliyekaa upande wa pili wa simu anapima kama shida yako inatosha.

Scotland mfuko wenyewe unaitwa Scottish Welfare Fund. Ulianza Aprili 2013, ukapewa sheria yake mwaka 2015, na unaendeshwa na halmashauri 32 za nchi hiyo. Una milango miwili. Mmoja ni wa dharura: huna chakula, umeme unakatika, pesa zimeibwa. Uamuzi wa mlango huo unapaswa kutoka kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, na kwa kawaida mtu hapewi zaidi ya mara tatu kwa mwaka. Mlango wa pili ni wa vitu vya nyumbani, kwa mtu anayetoka gerezani au hospitali kuanza maisha, kwa anayesaidiwa asirudishwe kwenye nyumba ya matunzo, kwa familia iliyoelemewa. Huo una siku 15 za kazi. Yote miwili ni ruzuku. Hairudishwi.

Ijumaa asubuhi mama alipiga simu akiwa amesimama, kama anayeongea na mkubwa. Nilikuwa mezani nimejifanya nasoma. Aliulizwa pesa ya mwisho iliingia lini, zimebaki ngapi, kwenye mita kuna salio gani (mita zao za kulipia kabla ni LUKU tupu, zina hata mkopo wa dharura), watoto wana umri gani, na kama kuna mtu yeyote anayeweza kumsaidia. Hapo alinitupia jicho. Nikainamisha uso kwenye daftari. Nilikuwa na pauni mfukoni, na tayari nilishaamua kumwachia kitu siku ya kuondoka, lakini swali lile lilinifanya nijihisi mwizi.

"Hakuna," akajibu.

Alipokata simu alikaa chini. "Banasema ya chakula ni leo ama Jumatatu. Ya friji ni mlango mwingine. Ningoje."

Ya chakula na umeme ilitoka saa tisa alasiri ile ile. Bomba la joto likaanza kugugumia. Maziwa yakabaki dirishani.

*

Mji wa kaskazini mwa England ambako rafiki yangu wa Tanga anaishi sitautaja, kwa sababu ninayosema hapa ni yake na si kesi ya mahakamani. Treni kutoka Glasgow ni saa chache tu. Nilipovuka mpaka sikuona hata bango, lakini jibu la friji linabadilika kabisa.

Huko zamani palikuwa na mfuko mmoja wa nchi nzima, Social Fund, ulioanza kufanya kazi mwaka 1988 chini ya serikali ya Margaret Thatcher. Kabla yake mtu wa posho aliyehitaji koti la baridi au kitanda alikuwa na orodha ya kanuni anayoweza kuidai. Mfuko mpya ulifuta ile orodha. Badala ya haki ukaja uamuzi wa afisa, badala ya ruzuku mara nyingi ukaja mkopo, na juu ya yote hayo ukaja ukomo: kila ofisi ilipewa fungu lake, na afisa alitakiwa alitazame fungu hilo anapoamua. Yaani shida ile ile ingeweza kukubaliwa mwezi huu na kukataliwa mwezi ujao, bila mwombaji kubadilika chochote. Wakosoaji walipiga kelele miaka 25. Kisha mwaka 2013 sehemu kubwa ya mfuko huo ilifutwa, na wale wale wakosoaji wakaanza kuukumbuka.

Kilichofuata ndicho nilichokikuta. Serikali kuu iliukabidhi mzigo kwa halmashauri za England bila kuzilazimisha kuwa na mpango wowote na bila kuufungia fungu. Baadhi zilijenga mifuko mizuri. Baadhi zilitoa vocha na kumwelekeza mtu benki ya chakula. Baadhi zilifunga kabisa. Rafiki yangu anaishi upande wa barabara ambao halmashauri yake, friji lilipomfia mwaka juzi, ilimpa karatasi yenye anwani za mashirika ya hisani. Dada mmoja wa Mombasa, ambaye wanakutana sokoni, anaishi ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, chini ya halmashauri nyingine. Yeye aliletewa friji jipya na vijana wawili wakalipandisha ngazi.

"Barabara hii hapa," rafiki yangu alinionyesha, tumesimama kwenye kituo cha basi. Barabara yenyewe ya kawaida. Duka la samaki wa kukaanga, kinyozi, msikiti mdogo.

Kilichobaki mikononi mwa serikali kuu ni mkopo. Mtu aliye kwenye Universal Credit, ile posho ya serikali, kwa angalau miezi 6 anaweza kuomba kutangulizwa fedha: kuanzia pauni 100, hadi 348 kwa asiye na mwenzi, 464 kwa wanaoishi na mwenzi, 812 kwa mwenye watoto. Hauna riba. Unakatwa kwenye posho yenyewe, sasa kwa muda wa hadi miaka 2. Rafiki yangu alichukua. Posho ya msingi ya mtu mmoja aliyefikisha miaka 25 ilikuwa pauni 400 na peni 14 kwa mwezi mwaka 2025, na makato yanaweza kufika asilimia 15, yaani pauni 60. Hadi Aprili 2025 yalikuwa yanafika asilimia 25.

"Friji lilikuja," alisema, "halafu nikawa sina cha kuweka ndani."

Alilisema kwa kuchekesha, na nilicheka, kwa sababu watu wa Tanga tunapewa sifa ya kuchekesha hata msibani. Lakini hesabu yake ni sahihi. Mkopo kwa mtu ambaye kipato chake kimepimwa kiwe kidogo kabisa kinachowezekana ni kumkopesha kutoka kwenye sahani yake mwenyewe ya mwezi ujao.

Oktoba 2021 zilikuja fedha nyingine, Household Support Fund, zilizoletwa wakati bei zilipopanda baada ya korona. Zilianza na pauni milioni 421 kwa England kwa miezi sita. Zikaongezwa muda. Zikaongezwa tena. Kila zilipokaribia kuisha, maofisa wa halmashauri walikaa hawajui kama waajiri mtu au wamwachishe, na waombaji walikaa hawajui kama wapige simu mwezi huu au wamechelewa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 kungekuwa na mfuko wa miaka kadhaa, Crisis and Resilience Fund, wenye pauni milioni 842 kwa mwaka. Miaka kumi na tatu baada ya kuufuta wa zamani, wanarudi kulekule kwa jina jipya. Nami nasema heri kuchelewa.

Jambo moja la kuwaambia wasomaji walio na ndugu wanaotaka kwenda. Wageni wengi wanaoingia Uingereza kwa viza ya kazi, masomo au familia wana sharti linalowazuia kugusa fedha za umma, na mifuko hii, hata ule wa Scotland, imo kwenye orodha ya fedha hizo. Yule binti wa harusi, muuguzi anayelipa kodi kila mwezi, friji lake likifa ni lake na mumewe. Kuomba kunaweza kuharibu viza. Sikuona bango lolote uwanja wa ndege linalosema hivyo.

Usiku wa nne kwa rafiki yangu, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka Scotland. Friji limekataliwa. Sauti ya mama haikuwa na hasira, ilikuwa na ule uchovu wa mtu aliyetarajia. Afisa alimwambia kwamba fungu la mwaka limebana na wanatoa tu kwa shida zenye kipaumbele cha juu kabisa. Maziwa, akaongeza, yameganda na kupasua chupa.

*

Wales nimeipita kwenye treni tu, mvua kioo kizima, kuelekea bandari ya Holyhead. Wana mfuko wao wa nchi nzima tangu 2013, mmoja, wenye kanuni zile zile ukiwa Cardiff au milimani. Nimeandika mstari huo kwenye daftari na kuchora kondoo.

Dublin ilinipendeza kuliko nilivyotarajia, na sababu ni mtu mmoja ambaye sikukutana naye: afisa wa ustawi wa jamii. Katika mfumo wa Ireland, uliowekwa miaka ya 1970, msaada wa namna hii ulikuwa mkononi mwa mtu anayejua mtaa, akikaa kwenye kituo cha afya cha eneo, akifika hata nyumbani. Leo maafisa hao wako chini ya wizara tangu 2011 na mambo mengi yamehamia kwenye fomu na simu, lakini mamlaka yao bado ni mapana. Hakuna kiwango kilichoandikwa. Jiko, godoro, mazishi, amana ya kupangia nyumba, nauli ya kumtembelea mgonjwa hospitali ya mbali, yote anaweza kulipia akiona kwamba gharama ni ya kipekee na haikuweza kutazamiwa. Anachotaka ni kotesheni za bei na taarifa za benki. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 alikuwa analipia hata nguo za mtoto za Komunyo ya Kwanza. Serikali iliyokaribia kufilisika ilipokuwa inabana matumizi ndipo nguo hizo zikakatwa, na mzee mmoja wa Kiayalandi, tuliyekaa naye kwenye basi, alilisimulia jambo hilo kana kwamba lilikuwa jana na kana kwamba lilifanywa na adui.

Nikajiuliza mimi ningelisimulia vipi. Kwetu tunaye afisa huyo huyo, kwa jina hilo hilo. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze Tanzania mwaka 1993 kumekuwa na msamaha: kuna makundi yanayosamehewa kwa sera, na kuna wale wasioweza kulipa ambao afisa ustawi wa jamii wa hospitali anawapima mmoja mmoja. Unakwenda na barua ya serikali ya mtaa. Nilikwenda hivyo kwa ajili ya marehemu baba, hospitali siitaji. Barua nilikuwa nayo, imegongwa mhuri, nimeikunja ndani ya kitabu isichafuke. Yule mama afisa alitazama viatu vyangu kwanza. Vilikuwa viatu vizuri, nilipewa na shemeji, na asubuhi ile nilivipiga rangi kwa sababu nilikuwa nakwenda ofisini.

"Wewe ndiye huna uwezo?"

Sikumlaumu sana wakati ule na simlaumu sasa. Nje ya mlango wake kulikuwa na watu wapatao thelathini na kila mmoja ana barua. Barua haziongei tofauti, zote zinasema "mtajwa hapo juu ni mkazi wangu na hali yake ni duni". Ilibidi atazame kitu. Alitazama viatu. Alitusamehe nusu.

Hivyo ndivyo hiari ilivyo. Ireland afisa mzuri atakuona binadamu mzima, mwenye mtoto anayekwenda Komunyo. Afisa aliyechoka ataona viatu. Na huko Dublin uamuzi huo ukikuumiza unaweza kuomba uangaliwe upya na mkaguzi wa ndani, lakini huwezi kuupeleka kwenye ofisi ya rufaa inayosikiliza kesi za posho nyingine. Nchi inayokupa afisa mwenye moyo imekunyima hakimu.

*

Uholanzi nilikuwa na hamu nayo kwa sababu ya mwanamke mmoja, Marga Klompé, waziri wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 1965, ndiyo iliyotoa msaada wa maskini mikononi mwa makanisa na kuufanya haki ya raia. Chini ya mti huo kuna tawi liitwalo bijzondere bijstand, msaada wa pekee, kwa gharama zisizokwepeka zilizotokana na hali isiyo ya kawaida. Manispaa ndiyo inayoamua.

Mzee wa Unguja niliyefikia kwake Rotterdam, baharia mstaafu, alinipikia pweza na kunieleza kwa nini friji haliingii humo. Hoja yao ni hii: friji kufa si jambo la ajabu. Kila friji litakufa. Kwa hiyo ulipaswa kuweka akiba, na kama hukuweka, utapewa mkopo. Sehemu kubwa ya fedha za msaada wa pekee siku hizi inakwenda kwenye jambo jingine kabisa: kuwalipa wasimamizi walioteuliwa na mahakama kushika fedha za watu waliozama kwenye madeni. Nilimwomba arudie. Ndiyo, alisema, mtu hana pesa, mahakama inampa msimamizi wa pesa zake, msimamizi ana ada, na ada inalipwa na manispaa.

"Mwanangu, Mholanzi hapotezi hesabu," akasema, akanisogezea sahani.

Lakini kilichonikosesha usingizi Uholanzi ni unga, mafuta na mboga. Mwishoni mwa 2020 nchi nzima ilijadili kisa cha mwanamke mmoja wa manispaa ya Wijdemeren aliyekuwa anaishi kwa posho. Mama yake alikuwa akimnunulia vyakula mara kwa mara. Hakuviripoti. Manispaa ikahesabu kwamba vile vyakula ni kipato na kumdai arudishe euro elfu 7 na zaidi. Kelele zilikuwa kubwa, bunge likaingia, na serikali ikaleta mswada wa kuruhusu zawadi za hadi euro 1,200 kwa mwaka bila kuzikata kwenye posho.

Nilimsimulia mzee lile swali la simu ya Scotland, "kuna mtu anayeweza kukusaidia?", na jinsi nilivyoinamisha uso. Aliguna. Kwetu sisi kikapu cha mama hakina risiti. Ukimwambia bibi wa Makunduchi kwamba ndizi alizompelekea binti yake zimeandikwa ofisini kama mshahara, atadhani umerukwa na akili. Ila mzee aliongeza jambo ambalo nimelitafakari kuliko kisa chenyewe. Alisema miaka yake ya kwanza Rotterdam, alipoumia bandarini na kukaa bila kazi, alipata posho ya kudumu na hakuwa na hata mtu mmoja wa kumletea ndizi. "Mwenye mama atapigiwa hesabu. Asiye na mama ndiye aliyetungiwa sheria."

*

Berlin nilikaa siku mbili tu, na baridi ilinifanya niwe mtu wa ndani. Wajerumani nao walikuwa na orodha. Chini ya sheria yao ya ustawi ya miaka ya 1960 mtu aliomba koti, akaomba viatu, akaomba mashine ya kufulia, kila kimoja kwa barua yake na afisa wake. Mwaka 2005 waliona hilo linadhalilisha na linakula muda. Wakachukua vitu vyote, wakavipigia wastani, wakaviongeza kwenye posho ya mwezi. Tangu hapo umepewa heshima ya kupanga mwenyewe: weka akiba, nunua friji likifa. Ruzuku za pekee zimebaki chache, kama vile vyombo vya kuanzia nyumba mpya na mahitaji ya ujauzito na kujifungua. Kwa mengine kuna mkopo, unaokatwa asilimia 5 ya posho kila mwezi. Zamani ilikuwa 10.

Nililipenda wazo hilo. Hakuna jicho la afisa, hakuna viatu. Kisha nikaoneshwa hesabu. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliitazama posho hiyo Julai 2014, na ndani yake ikakuta kwamba kwa friji, friza, mashine ya kufulia na vifaa vikubwa vya aina hiyo vyote kwa pamoja, mtu mmoja alihesabiwa chini ya euro 3 kwa mwezi. Mahakama haikuivunja posho, bali ilionya kwamba hapo pana hatari ya watu kubaki bila kitu. Nilipiga hesabu kwenye jalada la daftari. Friji la euro 300, kwa euro 3 kwa mwezi, ni miezi mia. Miaka minane na ushei, na mashine ya kufulia haijaanza kudai zamu yake. Posho ya mtu mmoja mwaka 2025 ilikuwa euro 563, na hicho kijiakiba kilijificha humo ndani kama sindano. Mwenyeji wangu, Mmombasa anayefanya kazi ya kutunza wazee, alisema jirani yake huweka sarafu kwenye kopo la kahawa na kuliita friji.

Usiku huo nilimpigia mama wa Kivu. Nilikuwa nimesoma mambo fulani njiani na nilitaka kumwambia asikubali jibu la simu. Alinikatisha. Kuna dada wa kanisani, anayejitolea kwenye ofisi ya ushauri, ameshamwandikia barua. Scotland uamuzi wa mfuko huu una ngazi mbili za kupingwa: kwanza halmashauri yenyewe, kwa afisa mwingine ambaye hakuamua mara ya kwanza, na ikishindikana, ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya umma ya Scotland, ambayo tangu 2016 ina uwezo wa kubadilisha uamuzi, si kushauri tu. Barua ya dada yule ilikuwa ya kurasa mbili. Ilitaja dawa ya mtoto wa mwisho inayotakiwa kukaa kwenye baridi. Kwenye simu ya kwanza mama hakuitaja.

"Hawakuniuliza," alisema. "Waliuliza pesa."

Nimezunguka nchi zote hizi nikisikia watu wakibishana kama msaada uwe hiari au haki, mkopo au zawadi, wa serikali kuu au wa halmashauri. Yote yana uzito wake, na mimi kura yangu naipa ruzuku isiyorudishwa yenye kanuni zilizoandikwa. Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubeba kwenye begi hadi Tanga, nikakiweke mlangoni kwa yule mama wa hospitali, ningebeba ile ngazi ya pili: mtu wa pili asiyekujua, asiyeona viatu vyako, anayesoma ulichoandika na kutakiwa kutoa sababu kwa maandishi.

Friji lilifika Desemba, nikiwa nimesharudi nyumbani. Nilitumiwa picha. Ni dogo, jeupe, limewekwa juu ya gazeti, na mlango uko wazi kuonyesha taa inawaka. Ndani kuna maziwa, kisanduku cha dawa, na kuku.

Wewe mwenye ndugu Scotland anayepata benefiti, mwambie haya: akikataliwa asiishie kwenye simu. Aombe barua. Ana siku 20 za kazi za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na hailipiwi.